Mlango wa Chumvi na Sukari

Tangu Andati azikwe, Muhonja hakuruhusiwa kukanyaga kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine. Alikaa katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mumewe aliijenga kando ya shamba la miwa la babake, amevaa koti la marehemu lililogeuzwa ndani nje, na akitoka ilikuwa ni kwenda chooni na kurudi. Chakula aliletewa. Sahani yake ilioshwa peke yake, ikaanikwa peke yake. Mjane ambaye hajanyolewa, walisema watu wa huko Navakholo alikoolewa, hutembea na kifo mabegani. Akiingia kwako, anakuachia.

Muhonja hakuyaamini hayo. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Kakamega, na mumewe, fundi wa trekta za kubeba miwa, alikufa kwa sababu jeki iliteleza na trela likamlalia. Lakini alimpenda Andati, na kwa ajili yake alijiambia atavumilia. Atakaa kimya, atanyolewa, atashukuru, kisha atarudi mjini kwenye chumba chake cha kupanga na wanafunzi wake wa kidato cha pili.

Ndipo mvua ikaja. Ilikuwa mwaka ule wa tisini na saba, mwaka wa El Nino, na kila aliyekuwa hai wakati huo anakumbuka ilivyonyesha. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashikamana wakati mto Lusumu ulipobeba daraja, mbao na vyuma na vyote. Upande wa nyuma, bonde lenye matete likageuka ziwa. Mlima mdogo walikoishi, wenye maboma machache na miwa mingi, ukabaki umezungukwa na maji, na watu wa matanga ambao hawakuwahi kuondoka wakanaswa humo pamoja na wenyeji. Mama mzee aliyekuwa na kazi ya kuwanyoa wajane aliishi ng'ambo. Hapangekuwa na kunyolewa mpaka maji yashuke.

Siku moja asubuhi, Mzee Philemon alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa Muhonja, chini ya upenu. Alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe aliyefariki zamani, na ndiye aliyesemea ukoo. Mama Andati alikuja nyuma yake na kukaa chini kwenye mkeka. Shikanga, mdogo wake Andati, alibaki amesimama.

"Mwanangu," Philemon alisema, "Andati ametuacha bila mtoto. Jina lake haliwezi kupotea hivi hivi. Tumekaa kama ukoo. Ukishanyolewa, Shikanga atakuweka, awe mume wako."

Muhonja alikuwa amelitarajia neno hilo, lakini lilipofika lilimkata maini. "Baba, nashukuru kwa kunifikiria. Lakini nina kazi mjini."

"Hakuna aliyekataza kazi. Utakuwa unakujanga wikendi."

"Shikanga ana mke."

"Na wewe utakuwa wa pili. Kwani kuna shida gani?"

Muhonja alimtazama mama mkwe wake. Mama Andati alikuwa akichuma nyuzi za mkeka, moja baada ya nyingine, wala hakuinua macho. Shikanga yeye alikuwa akiiangalia nyumba, mabati yake na madirisha yake ya vioo, kama mtu anayefikiria kitanda chake kitakaa upande gani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa kwamba kitu fulani ni chake, akaamini.

"Nakataa, Baba," Muhonja alisema.

Philemon hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Muhonja kuliko kelele. Mzee alinyanyuka polepole, akautazama mto uliokuwa ukinguruma chini kule. "Tutaongea. Hakuna mahali pa kwenda, sivyo?"

Mchana Ayuma alileta obusuma, ugali wa huko, na mboga. Ayuma ndiye mkewe Shikanga, msichana bado, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Aliweka sahani kizingitini, akachutama hapo hapo.

"Wamekwambia, Mwalimu?"

"Wameniambia. Nimekataa. Usiogope."

"Siogopi wewe." Ayuma alijifuta mvua usoni. "Hata mimi nilikataanga kuolewa na yeye. Nilikataa mara ya kwanza, nikakataa mara ya pili. Halafu nikachoka."

Akaondoka. Muhonja alikaa na sahani ile mpaka ikapoa.

*

Ugonjwa ulianzia kwenye sufuria za matanga. Kisima cha bondeni kilikuwa kimefunikwa na mafuriko yaliyopitia vyoo vya watu, na maji hayo ndiyo yaliyopikiwa, yakanywewa, yakaoshewa vyombo. Shangazi mmoja wa ukoo, mpishi mkuu wa msiba, aliamka akihara. Jua lilipokuwa likizama alikuwa amekufa, naye jana yake alikuwa mwanamke mnene anayewatania wajukuu. Watu walisema ni sumu. Wengine walisema ni Andati, hajaridhika. Muhonja aliposikia kwamba kilichokuwa kikimtoka kilifanana na maji yaliyooshewa mchele, alijua jina la ugonjwa huo, akalisema kwa sauti chumbani ingawa hakuwa na wa kumwambia. "Kipindupindu."

Kesho yake Ayuma alikuja mbio, leso yake ikiburutika matopeni.

"Mwalimu! Shikanga! Anatapika, anahara, macho yameingia ndani. Mama anasema asipewe maji. Anasema ukimpa yanatoka yote, ni kama unamsukuma."

Muhonja alisimama mlangoni, vidole vya miguu vikiwa ukingoni mwa kizingiti chake mwenyewe.

"Mama anaona kweli," alisema. "Maji matupu yatapita tu. Lakini asipopata maji atakufa kabla ya giza. Sikiliza, Ayuma. Tumboni, kwenye matumbo, kuna seli. Vyumba vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Kila chumba kina milango yake, na kila mlango unachagua cha kuingiza. Kuna mlango mmoja ambao chumvi ikija peke yake inakataliwa. Sukari ikija peke yake inakataliwa pia. Zikija zimeshikana mikono, mlango unafunguka. Zikishaingia, maji yanazifuata yenyewe. Ugonjwa huu umefungua mifereji ya kutoa maji nje, lakini mlango huo haujauharibu. Umenielewa?"

"Sukari na chumvi."

"Sukari ile ya chai ya matanga. Maji yachemke kwanza, yapoe. Jagi moja la lita, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita, visawazishwe juu. Kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, halafu endelea."

Vipimo hivyo alivitoa kwenye picha iliyobandikwa ukutani mwa zahanati moja mjini, picha aliyokuwa akiitazama akisubiri kuitwa bila kujua kwamba anaisoma. Aliviamini, ila si sana. Ubaoni alikuwa amechora mlango ule miaka yote, na mishale ya chaki ya rangi mbili, na wanafunzi wakaunakili. Hakuna aliyewahi kuunywa.

Alingoja. Alitembea kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma. Kupitia mvua aliiona nyumba ya Shikanga, upande wa pili wa uwanja, na watu wakiingia na kutoka. Aliyekuwa akijua la kufanya alikuwa yeye, na yeye ndiye peke yake aliyekatazwa kwenda. Mwishowe alisikia wanawake wakianza sauti ile ya chini, sauti ya kabla ya kilio, naye akatoka.

Alivuka uwanja mvuani na kusimama chini ya upenu wa nyumba ya Shikanga. Watu walisogea mbali naye kama wanaopisha moto.

"Amezidiwa," Ayuma alimwambia akiwa ndani, akilia. "Amekunywa yote uliyosema na amezidiwa! Anahara mara mbili ya mwanzo!"

"Ni mkono wa mjane," mmoja wa wazee alisema. "Dawa imetoka kwake."

Muhonja alianza kujitilia shaka. Je, alikuwa amekosea? Je, picha ile ilisema vingine? "Nipe kikombe," alisema. Ayuma alimpitishia kikombe juu ya kizingiti. Alionja. Kilikuwa kitamu kama asali, kitamu cha kukwama kooni.

"Ayuma, uliweka sukari ngapi?"

Ayuma aliangalia jagi.

"Mwambie Mwalimu," sauti ya Mama Andati ilitoka ndani.

"Uliposema sukari inafungua mlango," Ayuma alisema, "nikaona nikiweka nyingi utafunguka sana. Nilitaka apate nguvu. Niliweka vikombe."

Muhonja alishusha pumzi. Hofu haikumtoka, lakini ilikuwa sasa na umbo. "Sukari ikizidi nje ya seli, inayavuta maji kutoka ndani. Ndivyo maji yalivyo, yanakimbilia upande uliokolea. Ni kama ukimwagia chumvi sukuma wiki iliyokatwa, si unaona inavyotoa maji? Umemvuta, hukumjaza. Si kosa lako. Nilikwambia kazi ya mlango bila kukwambia hatari yake. Mwaga hiyo. Pika nyingine."

"Mwalimu, mikono yangu inatetemeka. Siwezi tena kupima."

Kutoka ndani Shikanga aliita. Haikuwa sauti ya mwanamume aliyeitazama nyumba ya Muhonja na mabati yake. Ilikuwa nyembamba, kavu, kama ya ndege. Aliita maji.

Muhonja aliinua mguu. Fimbo ya Philemon ikaja mbele yake, haikumgusa.

"Ngoja, mwanangu. Ujue unachofanya." Mzee alikuwa amelowa, na mvua ilimtiririka kwenye ndevu. "Hujanyolewa. Ukiingia humo na kitu kikampata, ni juu yako maisha yako yote. Asipokufa, nalo pia ulijue. Mjane akiingia nyumba ya shemeji yake na kumlisha kitandani, hahitaji kuulizwa tena. Ameshajibu. Nitasimama mbele ya ukoo niseme ulijibu kwa miguu yako."

Kwa hiyo kila upande palikuwa na ukuta. Akirudi kwake, atamsikiliza akifa kupitia dirishani. Akiingia na akashindwa, yeye ni mchawi, na akiingia na akafaulu, yeye ni mke. Alimwangalia Ayuma, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Ayuma hakumwambia aingie, wala hakumwambia asiingie. Alishika tu kitasa cha mlango kwa mkono wake ule mkubwa, akausukuma ukafunguka zaidi.

Muhonja aliingia.

*

Ndani kulinuka matapishi na majivu. Shikanga alikuwa amelala kwenye gunia, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Muhonja alimfinya ngozi ya tumbo, nayo ikabaki imesimama, haikurudi. Alipima chumvi, akaisawazisha kwa kisu, akapima sukari, akakoroga, akaonja. Chumvi haikupita ile ya machozi. Kisha akapiga magoti.

Kijiko. Akangoja. Kijiko. Shikanga alitapika, akamwacha atulie, akaanza upya. Mchana ukapita hivyo, na jioni ikaja na taa ya kibatari. Mkono wake wa kulia ukafa ganzi, akahamia wa kushoto. Watu waliokuwa uwanjani wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki Ayuma wa kuchemsha maji, na Mama Andati, aliyekaa pembeni akitazama kila kitu.

"Nieleze," mama mkwe alisema hatimaye. "Huyo mdudu wa ugonjwa huu ameingiaje ndani ya hivyo vyumba ulivyomweleza Ayuma, kama milango inachagua?"

"Mdudu mwenyewe haingii, Mama. Anabaki nje, anatuma sumu. Na sumu hiyo seli inaimeza yenyewe."

"Kwa nini imeze sumu?"

"Haijui. Kuna vitu ambavyo ni vikubwa, haviwezi kupita mlangoni. Sasa seli inakunja ngozi yake ya nje, hivi." Alichukua pindo la leso ya mama mkwe, akalikunja likawa kama mfuko. "Kama unavyobeba maharagwe kutoka shambani. Inakunja, inafunga, inavuta ndani. Kwa kawaida kinachobebwa hivyo ni chakula. Sumu hii imejifunza kugonga kama chakula. Ikishaingia, inafungua mifereji yote na haitoki tena."

Mama Andati aliuangalia mfuko ule wa leso kwa muda mrefu, akaufungua kwa vidole, ukawa nguo tu.

"Na chumvi na sukari na maji, wanaingia kwa pamoja."

"Ndiyo, Mama. Mmoja akienda peke yake anarudishwa."

"Kama sisi kwenye matanga," mama mkwe alisema. "Hakuna anayeingia boma la msiba peke yake. Mnangojana njiani, halafu mnaingia." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Nipe kijiko. Wewe lala kidogo."

Kulipokucha Shikanga alikojoa. Kidogo, na rangi ya chai, lakini Ayuma alitoka nje akapiga kelele kuwatangazia watu wote mlimani, "Amekojoa! Shikanga amekojoa!" na hakuna aliyecheka, kwa maana wote walikwisha kuambiwa kwamba mkojo ni dalili ya maji kubaki mwilini.

Muhonja alipokwenda kumwangalia, Shikanga aliushika mkono wake. Nguvu zilikuwa zimeanza kurudi, na mshiko haukuwa wa mgonjwa.

"Niliwasikia," alisema. "Mzee alikwambia na ukaingia. Umenikubali."

"Nimekuja kukupa maji, Shikanga."

"Umenitoa kaburini. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mtu ambaye hamtaki?" Alitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Ni Andati amepanga."

Hakukuwa na hila machoni pake. Hilo ndilo lililokuwa baya. Muhonja alirudi kwenye nyumba yake, akafunga mlango, akaketi sakafuni na mgongo kwenye ukuta. Maji ya mto yalisikika kila upande. Alifikiri kwamba mtu akitaka kukunasa kwa ubaya utapigana naye. Shikanga alimnasa kwa shukrani, naye hakujua jinsi ya kuipiga shukrani.

Hakukaa sana. Waliokuja kumgongea hawakukumbuka tena habari za mabega yake. Boma la jirani, mama na watoto wawili. Boma la juu, kijana wa kukata miwa aliyekuja matangani kama msaidizi. Muhonja aliingia kwao wote. Sukari ya matanga ikaisha, wakaleta sukari guru kutoka kwa jirani aliyekuwa na mtambo mdogo wa kukamua miwa, naye akaiponda na kuonja, kuonja na kuponda, mpaka ulimi wake ukachubuka. Ayuma akafundisha wanawake kupima, na kila alipofundisha alisema kwa ukali, "Si vikombe! Vijiko! Mimi niliharibu, nyinyi msiharibu." Mama Andati akasimamia kuni, na amri kwamba maji yasiyochemka hayaingii mdomo wa mtu, na atakayejisaidia vichakani atamwona yeye.

Hawakupona wote. Mtoto mdogo wa boma la jirani alifika mikononi mwa Muhonja akiwa hawezi tena kumeza, na yeye akamtilia matone mdomoni yakatoka kwa pembeni, akaendelea kuyatilia muda mrefu baada ya mama yake kumwambia aache. Usiku huo hakulala. Alijua kila kitu kuhusu mlango ule, na mlango ulikuwa pale pale, na hakuwa na njia ya kuufikia.

Halafu ikawa zamu ya Mzee Philemon. Mjukuu wake alikuja kumwita Muhonja akiona aibu. Mzee alikuwa amelala ubavu, fimbo imeegemea ukuta, macho yamezama. Alipomwona Muhonja mlangoni alifumba macho.

"Unaingia?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Naingia, Baba. Kwa miguu yangu."

Mzee aliinua kichwa. Alifungua mdomo, akanyweshwa kama kifaranga.

*

Maji yalianza kushuka kama yalivyopanda, bila kuomba ruhusa. Kwanza matete yakatoa vichwa, kisha njia ikaonekana, nyekundu na laini. Trekta moja likavuka mahali palipokuwa na kivuko cha ng'ombe zamani, likiwa na trela, na ndani ya trela kulikuwa na masanduku ya dawa, chupa za dripu, na bwana afya aitwaye Kibiwott, aliyevaa buti hadi magotini. Pamoja naye alipanda mama mzee wa kunyoa wajane, aliyetumiwa ujumbe na ukoo.

Kibiwott alizunguka boma kwa boma. Alitarajia kuzika. Alikuta watu wameketi nje, wamekonda, wanakunywa uji. Alipoambiwa ni kazi ya nani, alimwendea Muhonja na kumpa pakiti za chumvi na sukari zilizofungwa. "Ni kitu kile kile, Mwalimu, kwenye karatasi nzuri. Ng'ambo kule juu kuna vijiji viwili havina mtu wa kuwaonyesha. Tunarudi mchana huu. Ungekuja nasi?"

"Mimi si wa kuamua," Muhonja alisema, na aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake aliona haya.

Alinyolewa uwanjani, mbele ya watu. Wembe ulikuwa baridi na mikono ya yule mama ilikuwa na upole. Koti la Andati likavuliwa, likawekwa juu ya kaburi. Kisha Philemon, amefunikwa blanketi, akaomba kiti.

"Kuna jambo limebaki," alisema. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini hakuiacha desturi. "Nilisema mjane akiingia kwa shemeji yake na kumlisha, amejibu. Nilisema mbele ya watu. Shikanga?"

"Aliingia," Shikanga alisema, akisimama. "Wote mliona. Mimi namchukua na heshima yote. Nitamtunza."

Muhonja alifungua mdomo. Alikuwa na hotuba tayari, kuhusu sheria, kuhusu mshahara wake, kuhusu ndoa yake ya kanisani. Ikamkauka. Aliwaona watu waliomzunguka, wengi wao aliwashika vichwa kuwanywesha, na hakuna aliyemtazama usoni.

Aliyesema ni Mama Andati. Hakusimama. Alikuwa ameketi karibu na kaburi la mwanawe, miguu ameinyoosha.

"Philemon, shemeji yangu. Mwalimu aliingia kwako?"

Mzee alisogeza blanketi. "Aliingia."

"Ukiwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa, mama."

"Nauliza ukiwa wapi."

"Kitandani."

"Akakulisha?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa, kicheko kikamponyoka.

"Basi amekukubali na wewe," Mama Andati alisema. "Na yule kijana wa kukata miwa, na baba yake Wanzala pale, ambaye hana hata meno. Ameolewa na mlima wote. Mtagawana vipi?" Hakuwa akicheka. Macho yake yalijaa. "Mimi ndiye niliyetaka jina la mwanangu libaki kuliko nyinyi wote. Mimi nilimzaa. Lakini nilikaa pale nikamwona akiingia, na sikuona mtu akitafuta mume. Niliona mtu akipeleka maji. Tusimwite mtu aje atusaidie, halafu tukimaliza kunywa tumfungie mlango."

Philemon alitazama chini, kisha akaitafuta fimbo yake kwa mkono kama mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Maneno ya ukoo yameishia kwa mama," alisema. "Mimi nimechoka."

Shikanga aliketi tena. Uso wake ulikuwa umejaa aibu ya mtu aliyepokonywa mbele za watu, na Muhonja alimhurumia, kisha akaona kwamba huruma hiyo nayo ni kamba, akaiacha hapo.

Mchana alishuka mtoni na mkoba wake. Mama Andati alimsindikiza hadi penye tope.

"Utakuja Pasaka?"

"Nitakuja, Mama."

"Usiseme kama hutakuja."

"Nitakuja."

Mama mkwe alimpapasa kichwa kile kilichonyolewa, mara moja, kwa kiganja kizima, akageuka. Muhonja alikuja Pasaka ile, na nyingine baada yake. Shikanga alimpita njiani bila salamu miaka mingi.

Ayuma ndiye aliyempandisha mkoba kwenye trela. Alikuwa amekonda hata yeye, ingawa hakuugua.

"Ng'ambo watakuuliza nani alikusaidia," alisema.

"Nitawaambia ni Ayuma. Nitawaambia aliwafundisha watu kupima." Muhonja aliinama kutoka juu. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini. "Njoo nasi. Kibiwott anahitaji watu. Siku chache tu."

Ayuma aliangalia trela, magurudumu yaliyojaa tope jekundu, nafasi iliyobaki kati ya masanduku. Kwa kitambo kidogo mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa chuma. Kutoka juu mlimani Shikanga aliita jina lake, sauti yake sasa nzito, imepona kabisa.

"Nilikwambia mimi nilichokanga zamani," Ayuma alisema.

Aliondoa mkono. Trekta likaingia mtoni, maji yakapanda hadi kwenye ekseli, na Muhonja akashika ukingo kwa nguvu asianguke. Alipoweza kugeuka kutazama nyuma, Ayuma alikuwa tayari amefika nusu ya mlima, akipanda haraka, kwa kuwa alikuwa akiitwa.